Saa ya rangi mbili: msituambie ya juu tu, tuambieni na ya chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu nitoe dukuduku langu, ni refu mnivumilie, na kama lazima mlipunguze basi msiguse pale kwenye betri. Ukurasa wenu wa urembo wa Jumapili iliyopita mmeweka picha ya saa ya kike ya rangi mbili, na kwa kweli ni nzuri sipingi, ndogo, imetulia, uso wa ganda la chaza unaometameta, mkanda katikati dhahabu pembeni nyeupe, mwandishi akamalizia kwamba hiyo ndio zawadi ya kumpa mama au bi harusi kwa sababu ni dhahabu na fedha kwa pamoja, haichuji na haiingii maji. Mkaweka bei. Basi, habari ikaishia hapo.

Mimi ni fundi saa hapa Ngamiani, Tanga, na ndio ni mwanamke, watu wakifika mezani bado wanaangaza macho huku na huku wanauliza fundi anarudi saa ngapi, nimeshazoea. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu. Na nawaambia saa zinazokuja na malalamiko kuliko zote ni hizi hizi za rangi mbili, sio kwamba ni mbaya, hapana, mi mwenyewe navaa, ni kwamba aliyeuza alimweleza mteja habari za juu tu, ya chini hakuigusa. Na nyie gazeti mmefanya vilevile.

Tuanze na hiyo fedha mliyoandika. Hapo hakuna fedha jamani. Ile nyeupe ni chuma, stenlesi. Fedha halisi ni laini alafu inaingia weusi kwa hewa na jasho, mtu akitengeneza mkanda wa saa wa kuvaa kila siku kwa fedha tupu utachakaa upesi sana, ndio maana mikanda ya namna hiyo huioni kwenye maduka ya kawaida. Chuma kinachotumika kwenye saa nyingi za maana kinaitwa 316L, ndani yake kuna kromi asilimia 16 mpaka 18 hivi, kuna nikeli, na kuna molibdeni kidogo. Ile kromi ndio inayotengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma isiyoonekana kwa macho, ukikwaruza inajirudisha yenyewe, na molibdeni inasaidia chuma kuhimili chumvi, jambo ambalo mtu wa bara anaweza kulipuuza lakini sisi tunaoishi na upepo wa bahari hatuwezi. Rolex, wale watengenezaji saa wa Uswisi, wao wametoka huko siku nyingi wanatumia kingine kinaitwa 904L. Kwa hiyo kuiita fedha mnadhani mmeisifia saa, wakati kwa kazi ya saa mmeishusha.

Sasa dhahabu, hapa ndipo penye maneno.

Hii staili ya kuchanganya dhahabu na chuma wengi wanadhani ni fasheni ya Dubai ya juzi juzi. Sio. Rolex walisajili jina la Rolesor mwaka 1933, ndio jina lao la saa za chuma na dhahabu mpaka leo, na ile saa yao maarufu ya Datejust ilitoka 1945, ya kike yake Lady-Datejust ikatoka 1957, na hiyo ndio imekuwa kama mama wa saa zote za rangi mbili mnazoziona, hata zile za elfu ishirini zinazopangwa kwenye meza Kariakoo zimeigiza sura hiyo hiyo. Kwenye Rolesor ya njano ile duara inayozunguka kioo, kile kitufe cha pembeni cha kuwekea saa, na pingili za katikati ya mkanda ni dhahabu ya karati 18, maana yake kila sehemu 1000 za hiyo dhahabu sehemu 750 ni dhahabu tupu na zilizobaki ni madini mengine ya kuipa ugumu. Kasha na pingili za pembeni ni chuma. Hiyo dhahabu ukiikwaruza, chini yake unakuta dhahabu tena. Sasa hiyo bei yake tuache, hatuko huko, ila mjue kwamba dhahabu ya namna hiyo ipo na ndio iliyoanzisha picha tuliyonayo vichwani.

Alafu kukawa na wimbi la pili. Cartier walikuwa na saa yao ya Santos, mchoro wake ni wa 1904 walipomtengenezea rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont, mwaka 1978 wakaitoa upya ikiwa na mkanda wa chuma wenye skurubu za dhahabu zinaonekana kabisa, yaani skurubu ambazo fundi yeyote angeficha wao wakazifanya ndio urembo wenyewe, naipenda sana hiyo akili. 1982 Omega wakatoa Constellation mpya yenye makucha manne pembeni mwa kioo, na baadaye kuanzia 1995 wakamtumia mwanamitindo Cindy Crawford kuitangaza, nayo ya rangi mbili ikazagaa dunia nzima, na kopi zake ndio zikazagaa zaidi, makucha manne mpaka leo nayaona kila wiki kwenye saa zisizojua hata Omega ni nani. Kwanini miaka ile? Angalieni bei ya dhahabu. Mwaka 1970 aunsi moja ilikuwa dola thelathini na kitu, Januari 1980 ikagonga dola 850. Na wakati huo huo saa za betri za Wajapani zilikuwa zimewapiga Waswisi vibaya, wafanyakazi wa viwanda vya saa Uswisi walishuka kutoka kama 90,000 mwaka 1970 mpaka thelathini elfu na kitu katikati ya miaka ya themanini. Kutengeneza saa nzima ya dhahabu ikawa ni kutafuta mteja wa kumulika kwa tochi, lakini ukichanganya na chuma mteja anapata mng'ao na wewe unauza. Kwa hiyo msidhani rangi mbili ilizagaa miaka ile kwa urembo peke yake, ilikuwa na hesabu ndani yake.

Sasa tushuke kwenye saa ambazo mimi na wasomaji wenu tunazishika kila siku. Hapo dhahabu ni ya kuchovya. Saa au pingili inazamishwa kwenye maji ya kemikali yenye dhahabu, umeme unapitishwa, dhahabu inajipaka juu. Unene wake unapimwa kwa mikroni, mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Zile saa za zamani za Uswisi ambazo akina babu waliachiana, ukigeuza nyuma unakuta wameandika kabisa mikroni 10 au mikroni 20, na kuna mwanamama aliniletea ya marehemu mama yake ya mikroni 20 imevaliwa miaka na miaka bado inang'aa, imekatika kidogo tu kwenye pembe. Nyingi za sasa hivi hazifikishi hata mikroni moja. Ni kama kivuli cha dhahabu. Hawaandiki unene kwa sababu hakuna cha kuandika.

Kuna nyingine haichovywi kwenye maji, inawekwa kwenye chumba kisicho na hewa na rangi inapandishwa humo kama mvuke, wenyewe wanaiita PVD. Rangi ya njano hapo mara nyingi ni titani iliyochanganyika na naitrojeni, hiyo kitu kwa asili yake ina rangi ya dhahabu bila kuwa na chembe ya dhahabu, saa nyingine wanaipitishia dhahabu kidogo juu ili rangi ikae vizuri. Na sasa kinachochekesha ni hiki, hiyo isiyo na dhahabu ndio ngumu, inavumilia kuliko ile yenye dhahabu ya kuchovya nyembamba. Mteja akija akaniuliza kati ya saa iliyoandikwa imechovywa dhahabu bila kutaja unene, na saa iliyoandikwa PVD juu ya stenlesi, namwambia chukua ya pili bila kufikiri, hata kama neno dhahabu halimo.

Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize Mhariri. Rangi ya juu yoyote itaisha. Leo au baada ya miaka kumi, itaisha. Inaanzia kwenye kifungio cha mkanda kwa sababu ndicho kinachosuguana na meza ukiandika, inafuata kwenye kingo za pingili, alafu kwenye ile duara ya kioo upande unaogusana na mkono wa baibui au koti. Pwani inawahi zaidi, jasho, chumvi, na sisi wanawake tunajipulizia manukato hapo hapo kwenye mkono alafu tunafunga saa juu ya majimaji. Swali la maana kwa hiyo sio juu kuna nini, swali ni ikiisha chini kutatokea nini. Kama chini ni stenlesi basi saa yako ya rangi mbili itarudi taratibu kuwa ya rangi moja, nyeupe, hata hutaona aibu kuivaa, wengine wanazipenda zaidi zikishafika hapo. Kama chini ni shaba ya njano au yale madini laini mepesi ya kumiminwa kwenye kalibu, basi utaona wekundu, kisha weusi, kisha kijani kwenye ngozi, na mkanda utaanza kunuka kama sarafu ya zamani. Nimeshaletewa na dada mmoja, bi harusi wa juzi tu, saa ya zawadi imeacha alama ya kijani mkono mzima na mumewe amenuna anadhani mke hajui kutunza vitu. Hana kosa yule dada. Kosa lilikuwa dukani, na sitataja duka.

Na cha ajabu saa yenyewe inasema! Geuza nyuma, soma. Saa nyingi za bei ya chini nyuma wameandika Stainless Steel Back. Mteja anaona neno stenlesi anafurahi, muuzaji anamwonyesha kwa kidole kabisa, dada ona hii stenlesi. Hayo maandishi yanasema mfuniko wa nyuma ndio stenlesi, mfuniko tu, basi, kasha lililobaki halijasemwa. Nyingine wana ukweli zaidi wanaongeza Base Metal, hapo wanakwambia kasha au duara ya mbele ni madini ya kawaida tu. Kama saa ni stenlesi yote wataandika All Stainless Steel au Stainless Steel peke yake bila hilo neno la nyuma. Kama ni dhahabu yenyewe utakuta 750 au 18K imegongwa kwenye kasha, na makasha ya dhahabu ya Uswisi tangu 1995 yana muhuri mdogo wa kichwa cha mbwa, ndio mbwa, wale mbwa wakubwa wa milimani wa Saint Bernard. Mambo haya yanahitaji dakika moja na kioo cha kukuzia. Mwandishi wenu wa urembo angeigeuza ile saa angepata habari nzuri kuliko aliyoandika.

Kuna jambo la ngozi pia naligusa kwa haraka. Wapo wanaosema mkono wangu haupatani na saa, unatoka upele, unawasha. Mara nyingi hiyo ni nikeli, na inatoka kwa urahisi zaidi kwenye madini hafifu yaliyochovywa vibaya kuliko kwenye 316L, ambayo ina nikeli ndani lakini imeshikiliwa haitoki hovyo. Ulaya wana sheria ya kuweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye kitu kinachogusa ngozi muda mrefu. Kwa hiyo dada kama heleni za bei ndogo zinakuwasha masikio, na saa ya bei ndogo itakuwasha mkono, usilazimishe.

Sasa mniruhusu nimjibu yule dada mwingine wa ukurasa huo huo aliyeandika kisanduku pembeni kwamba kuvaa dhahabu na nyeupe pamoja ni ushamba na kwamba saa ya kike kwa jumla ni pambo tu siku hizi muda tunaangalia kwenye simu. La kwanza, nendeni harusi yoyote ya hapa Tanga au Mombasa au Unguja muangalie mikono. Mwanamke ana pete ya ndoa ya dhahabu, ana bangili za fedha alizopewa na bibi yake, ana kikuku kingine cha rangi sijui gani, saa ya dhahabu tupu itagombana na bangili na saa nyeupe tupu itagombana na pete. Ya rangi mbili inakaa katikati inawapatanisha. Ndio maana ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wakituma zawadi nyumbani hawajui mpokeaji ana vito vya rangi gani wanatuma ya rangi mbili, hapo hukosei. Huo sio ushamba, ni busara ya mtu anayenunua akiwa mbali.

La pili la pambo. Saa ya mkono ilianza kwa mwanamke. Malkia wa Naples, Caroline Murat, dada yake Napoleon, alimwagiza fundi saa Breguet wa Paris amtengenezee saa ya kuvaa mkononi mwaka 1810, ikakamilika 1812. Patek Philippe wa Geneva wakatengeneza ya kwao 1868 ikaenda kwa mwanamke wa kitajiri wa Hungary. Wanaume wakati huo walikuwa na saa za mfukoni zenye mnyororo, ya mkononi wakiiona ya kike, wengi wao walikuja kuizoea kwenye vita vya 1914 mpaka 1918 maana kwenye handaki huwezi kuanza kupekua mfuko huku umeshika bunduki. Na kwa ufundi, saa ndogo ya kike ya mashine ndio ngumu kuliko zote. Jaeger-LeCoultre walitoa mwaka 1929 mashine inaitwa 101, yote na meno yake na springi yake ina uzito wa kama gramu moja, Malkia Elizabeth alivaa saa yenye mashine hiyo siku ya kutawazwa 1953. Gramu moja! Mimi nikishika skurubu ya saa ya kike ya kawaida tu nazuia pumzi, ikidondoka hapo chini imekwenda, sasa mtu aniambie hicho ni kipambo. Na kuhusu simu, ukiwa kwenye mkutano ukatoa simu kila mtu anajua umechoka kusikiliza, ukitupia jicho mkononi hakuna anayekuona.

Sasa betri, pale nilipowaomba msipunguze.

Saa nyingi hizi nyembamba za kuvalia sherehe ni za kwazi, yaani za betri, zile ambazo Seiko wa Japani walizianzisha na saa yao Astron tarehe 25 Desemba 1969. Ndani kuna kipande kidogo cha jiwe la kwazi kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na namba hiyo haikuokotwa, ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano unapata moja, ndio sekunde yako. Betri yake ni ndogo kama kidonge, na inayotakiwa kwenye nyingi za kike ni ya oksaidi ya fedha (haya, fedha yenu ipo hapo!) yenye volti 1.55, kwa mfano ile iliyoandikwa SR626SW au 377. Hiyo inashika volti yake karibu pale pale mpaka inakaribia kuisha, na inakaa miaka miwili mitatu. Lakini mitaani kuna kadi za betri kumi kumi za bei ya kutupa zimeandikwa AG4, saizi ni ile ile, inaingia, saa inatembea, mteja anaondoka amefurahi. Hiyo ni alkalini, volti yake inashuka kidogo kidogo saa inaanza kuchelewa au kusimama mapema, na ikishakufa ikaachwa ndani inavuja, yale majimaji yanakula koili yenye waya mwembamba kuliko unywele na ndio mwisho wa mashine. Mafundi wenzangu mnaofanya hivi mnajijua. Tofauti ya bei ya betri haifiki hata sahani ya wali na mnaua saa ya mtu. Na nyie wenye saa, ikisimama msiitupe kabatini mkasema nitapeleka Idi, toeni betri kwanza, hata kama hamuweki nyingine. Kama huivai muda mrefu, kivute kile kitufe cha pembeni, mishale inasimama na betri inatumika kidogo.

Kuna za mwanga pia, Citizen wanaziita Eco-Drive, jina lilianza miaka ya tisini ingawa saa yao ya kwanza ya mishale inayotumia mwanga ni ya 1976. Seiko nao wanazo. Kwa bi harusi wa kijijini ambako fundi hakuna mi ningeshauri hiyo kuliko zote, unaiweka dirishani inakula mwanga. Ila ndani yake kuna kibetri cha kuchajiwa, sio betri ya kawaida, na tafadhali fundi asikuwekee ya kawaida kwa kulazimisha, ni hatari kwa mashine.

Na hilo la haiingii maji. Nyuma wameandika mita 30 au bar 3, mwandishi wenu akaona bahari. Hizo mita 30 ni presha ya kipimo cha kiwandani saa ikiwa mpya imetulia haitikisiki, kwa maisha ya kawaida maana yake ni mvua na kunawa mikono. Kuogelea tafuta iliyoandikwa 100. Kinachozuia maji ni mpira mwembamba chini ya mfuniko na kwenye kitufe, mpira unakauka, na kila anayefungua kubadilisha betri akaurudisha umepinda basi maji yana njia. Saa ya sherehe usiingie nayo bafuni, mvuke wa moto ni mbaya kuliko maji ya baridi. Ukiona ukungu ndani ya kioo usiiweke juani, ilete siku hiyo hiyo, kesho yake kutu imeshaanza kwenye mashine na ule uso wa ganda la chaza ukishaingia doa halitoki.

Sasa ombi langu. Najua gazeti linahitaji matangazo na sisemi msitangaze saa. Ila ukurasa wenu unaposema dhahabu, mwandishi amuulize mwenye duka hiyo dhahabu ni ya karati ngapi au ya kuchovya mikroni ngapi au ni rangi tu ya PVD, na chini yake kuna chuma gani, alafu aandike majibu hata kwa mstari mmoja. Mwenye duka asipojua, andikeni hajui. Nchi hii ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, inasimamiwa na Tume ya Ushindani, na haihusu jina feki la kampuni peke yake kama watu wanavyodhani, kumweleza mteja uongo kuhusu bidhaa imetengenezwa kwa kitu gani nako kumo. Watu wanajua kukimbilia tume kwa simu feki na vipuri feki, kwa saa hakuna anayekumbuka, kwa sababu ni ya kike, ni zawadi, na ukilalamika unaonekana huna shukrani kwa aliyekupa. Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Na kwa wasomaji wenzangu ambao tayari mmeshanunua, msiogope, saa ya rangi mbili ya stenlesi ya bei ya kati, Seiko, Citizen, Casio, hata Titan ya Wahindi ambao wana toleo lao la kike la Raga, zote zinakaa miaka mkizitunza. Manukato kwanza, yakauke, ndio uvae saa. Ukitoka kwenye shughuli ifute jasho kwa kitambaa laini kikavu, usitumie dawa ya meno wala majivu kama wanavyofundishana, dhahabu ya kuchovya haisuguliwi, ukisugua unaimaliza mwenyewe. Mkanda ukiwa mkubwa mwambie fundi apunguze pingili ili usizunguke mkononi, unaozunguka ndio unaochakaa haraka, na zile pingili zilizotolewa mdai akurudishie, ni mali yako na za rangi mbili hazipatikani za kufanana hata ukitembea mji mzima. Mafundi wengi hawarudishi, na mteja haulizi.

Ile saa ya kwenye picha yenu kama bado mnayo ofisini, ileteni Tanga au mtume kwa basi, nitaifungua mbele ya mwandishi wenu, niwaambie nyuma imeandikwa nini na ndani kuna mashine gani na betri gani, na sitawatoza hata senti. Mkitaka kuandika nitakachokikuta, ruksa.

Fundi saa,
Ngamiani, Tanga